Siwatu na Mto Uliomeza Neno

Mto ukivuma, sikio huazima moyoni.

Mabinti waliokuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga waliyasikia maneno hayo kwa Bibi Kidawa, injini ilipozimwa ili mwenye mashine abadilishe mkanda. Walikuwa wameshangaa. Mwenye mashine alimwambia bibi jambo katikati ya makelele yale, wao wenye masikio mapya hawakuambulia hata silabi, naye bibi akamjibu sawasawa kama watu waliokaa barazani. Walipomuuliza amewezaje, akawajibu kwa methali. Walipotaka kujua methali yenyewe imetoka wapi, alikalia gunia lake la mahindi, akajifunga kanga vizuri, akawaambia kwamba maneno hayo yana mwenyewe, na mwenyewe aliitwa Siwatu. Basi methali hii ilianza hivi.

Kijiji cha Kwemsindo kiko chini ya milima, na mto Msindo unakipasua katikati. Watu wake walitoka huku na huku kuja kulima, Wabondei, Wazigua, Wasambaa na wengineo, hata Kiswahili kikawa ndicho wanachoamkiana nacho asubuhi na kugombania nacho jioni. Wakati wa kiangazi Msindo ni mto mpole, kuku anaweza kuuvuka. Masika ikija, haufanani tena na huo. Siku hizo hapakuwa na daraja la zege. Palikuwa na ulalo tu, gogo kubwa la mvule lililolazwa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na watu walipita juu yake na mizigo yao kichwani wakiongea habari nyingine kabisa.

Siwatu alizaliwa ng'ambo ya mto, nyumba ya jirani na Bibi Mashavu, mkunga wa kijiji kizima. Alipoolewa alivuka ulalo na ngoma na vigelegele, akaja upande wa huku kwa watu wa mumewe, na mumewe alikuwa kaka wa msichana aitwaye Mwanakombo. Alikuwa msichana wa maneno machache. Wanawake wa ukweni walimtania kwamba mwili kauleta ila ulimi kauacha kwao. Yeye alicheka tu, akaendelea na kazi. Alichokuwa nacho, ambacho hawakukijua bado, ni kwamba kila alichoambiwa kilikaa. Ukimwelekeza njia mara moja, hukumwelekeza tena.

Huyu Bibi Mashavu naye alikuwa na namna yake ya kusema. Hakumwita mtoto "mtoto" kabla hajazaliwa. Alimwita mgeni. "Mgeni yuko njiani." "Mgeni kachelewa, mpigieni hodi." Siwatu alikua akiyasikia maneno hayo kupitia ukuta wa udongo, na alipokuwa mkubwa kidogo alikuwa chumbani wakati mama yake mzazi anajifungua, na kwa majirani pia, akishika taa au akimshika mzazi mgongo. Hakujiona kuwa amejifunza chochote. Alikuwepo tu.

Sasa, masika moja, Mwanakombo alishikwa na uchungu asubuhi, mapema kuliko walivyotazamia. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mumewe, Semboja, alitoka mbio, akavuka ulalo kwenda kumwita mkunga. Nyuma yake akabaki Bi Sikudhani, mama mtu mzima mwenye mikono mizuri, aliyekuwa amewapokea watoto kadhaa pale mkunga alipochelewa. Alimpapasa Mwanakombo tumbo. Akampapasa tena. Kisha akawaita wanawake pembeni.

"Kichwa kiko juu," akasema. "Mtoto hakugeuka. Hili si la kwangu, ni la Mashavu. Tusimngoje hapa, tumpeleke mzazi tukutane naye njiani."

Wakamlaza Mwanakombo kwenye kitanda cha kamba, wakakibeba mabegani, Siwatu akishika mguu mmoja wa kitanda. Kijijini hakukuwa na mvua. Lakini milimani ilikuwa imenyesha tangu usiku, na maji ya mlimani hayabishi hodi. Walipofika mtoni walikuta maji mekundu yamefura, yanabeba migomba mizima, na pale palipokuwa na ulalo hapana kitu. Gogo la mvule lililowavusha babu zao lilikuwa limekwenda.

Ng'ambo, watu wawili walikuwa wamesimama wakiyatazama maji hayo hayo. Mmoja alikuwa Semboja. Mwingine, mfupi, kajifunika kanga kichwani, alikuwa Bibi Mashavu.

Hapakuwa na mtumbwi ambao ungeweza kuvuka maji yale, wala mwogeleaji ambaye angerudi hai. Kumrudisha Mwanakombo nyumbani pia haikuwezekana, kwa sababu alikuwa tayari anauma kanga. Karibu na ukingo palikuwa na dungu, kibanda cha kulindia mpunga dhidi ya ndege. Wakamwingiza humo, na mara mvua ya milimani ikawafikia na wao.

Bibi Mashavu, kwa kukiona kile kitanda, alikuwa amekwisha kuelewa. Alikisogelea ukingo wa upande wake, akaweka viganja mdomoni, akaanza kupiga kelele.

Lakini mto ule! Haukuwa mlio mmoja. Chini kabisa palikuwa na ngurumo ya mawe yanayobiringishwa, ile unayoisikia kifuani zaidi ya masikioni. Juu yake palikuwa na mchafuko wa maji, na juu ya hayo mvua kwenye majani ya mpunga. Sauti ya binadamu ilipotoka ng'ambo, ilibidi ipite humo mote, na ilipofika ilikuwa imepungua kama maji yaliyobebwa kwenye pakacha. Bi Sikudhani alitega sikio. Akasikia "ooo" na "eee" tu. Mwingine akasema, "Anasema tumrudishe nyumbani." Mwingine akasema, "Hapana, anasema tuombe dua." Basi wakaanza kuomba dua kwa sauti, wengine wakalia, na Semboja kule ng'ambo, kwa uchungu wa mkewe, akawa anapiga kelele pamoja na mkunga, sauti juu ya sauti.

Siwatu alikuwa amesimama mlangoni mwa dungu. Aliijua sauti ile. Aliijua tangu utotoni, jinsi inavyopanda mwanzoni mwa neno na kushuka mwishoni, na katikati ya vurugu alihisi kwamba angeishika kama angepata nafasi. Aligeuka akawatazama mama zake wote wale, wakubwa kwake kwa umri na kwa heshima.

"Naombeni radhi, mama zangu," akasema. "Mto siwezi kuunyamazisha. Ninyi naweza kuwaomba."

Wakamtazama. Haikuwa kawaida ya mke mgeni kusema hivyo. Lakini Bi Sikudhani akasema, "Nyamazeni," wakanyamaza.

Siwatu akaenda hadi ukingoni, akamwonyesha Semboja kwa kidole, akajiziba mdomo kwa kiganja. Semboja akaelewa, akarudi nyuma. Ikabaki sauti moja tu ng'ambo, na mto.

Neno la kwanza lilikuja limekatika: "…goti… goti!" Siwatu akalishika. Apige magoti. Akarudi dunguni akasema.

"Magoti?" akauliza Bi Sikudhani. "Mwanamke hujifungua amelala."

"Bibi anasema magoti."

Wakamwinua Mwanakombo, akapiga magoti, akaushika mwimo wa dungu.

Neno la pili lilikuwa gumu zaidi. "Nguo… moto." Au lilikuwa "mtoto"? Mto ulikuwa umeyafanya maneno hayo mawili kuwa mapacha. Siwatu akafumba macho. Nguo ya mtoto, hilo kila mtu analijua, mkunga hawezi kupasua koo kwa ajili yake. Lakini Bibi Mashavu siku zote huanika kanga karibu na mafiga kabla mgeni hajafika, akisema mgeni aliyetoka penye joto asipokelewe kwa baridi. Moto, basi. Akawaambia wawashe moto ndani ya dungu kwa makuti makavu ya paa, wakaukausha na kuupasha upande wa kanga.

Hivyo ndivyo alivyofanya mchana ule. Hakubeba kuni, hakusukuma, hakumshika mzazi. Alisikiliza. Lakini kila neno lilimjia vipande vipande, na alipokuwa akikiwinda kipande cha pili, kile cha kwanza kilitaka kumtoroka. Akawa anakirudiarudia mdomoni, midomo inacheza bila sauti, huku sikio liko ng'ambo linangoja kingine. Kisha anakaa kimya, anaviunganisha, anajiuliza: Bibi angesema nini hapa? Mshipa wa paji la uso ulikuwa umemsimama. Wanawake waliomtazama walidhani anaumwa.

Halafu ikaja ile saa yenyewe. Mgeni alitanguliza makalio, kisha miguu, kisha kiwiliwili hadi kitovuni. Hapo uchungu ukakatika. Mwanakombo akabaki anahema, na mtoto amening'inia, nusu duniani, nusu kwa mama yake.

"Atatufia huyu," akasema Bi Sikudhani. "Siwatu, muulize Mashavu! Muulize upesi!"

Siwatu akakimbilia ukingoni. Akapaza sauti mpaka koo likamwasha: "Bibi! Kafika kitovuni! Kasimama! Nimvuteee?"

Jibu likaja kupitia maji. Safari hii kila mtu alilisikia, hata waliokuwa ndani.

"…mvute!"

Bibi Mashavu alikuwa anapunga mikono yote miwili, lakini mvua ilikuwa imeufanya ukingo ule kuwa kivuli, usiweze kujua kama mikono inaita au inakataza.

Siwatu akauliza tena. Likaja tena vilevile: "…mvute!"

Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kupiga goti nyuma ya Mwanakombo na kunyoosha mikono. Siwatu akaingia akaidaka.

"Ngoja, mama."

"Ningoje nini? Hukusikia? Kasema mvute! Watu wote wamesikia!"

"Nimesikia mvute," akasema Siwatu. "Sijasikia kilichotangulia."

Na kweli, palikuwa na kitu kilichotangulia. Sauti ya Bibi Mashavu ilikuwa na kawaida ya kupanda mwanzoni mwa neno, na neno hili lilimfikia likiwa tayari linashuka. Kichwa chake kilikuwa kimebaki majini. Siwatu akalishikilia neno hilo bila kichwa, akarudi nalo nyuma, mbali, mpaka chumbani kwa mama yake, siku aliyozaliwa mdogo wake wa mwisho. Naye hakutanguliza kichwa, alitanguliza miguu. Siwatu alikuwa ameshika taa. Shangazi mmoja alinyoosha mkono amvute, na Bibi Mashavu akaupiga mkono ule kofi dogo, kama anavyopigwa mtoto anayedokoa nyama. "Mgeni aliyetanguliza miguu hakokotwi," alisema. "Ukimkokota atashtuka, atatupa mikono juu na kuinua kidevu, na mlango utamziba. Mwache aje kwa uzito wake mwenyewe." Kisha akaweka mikono mapajani, akakaa. Siwatu alimwona, na siku hiyo alijiuliza mbona bibi hafanyi kitu.

Neno likapata kichwa chake. Usimvute.

Akajua. Lakini kujua kwenyewe kulimtisha, kwa sababu kama amekosea, kijiji kizima kingesema kwamba mkunga aliamuru, watu wazima wakasikia, na mke mgeni asiye na mtoto hata mmoja akazuia. Wifi yake alikuwa hapo amepiga magoti, mgongo unamtetemeka.

"Mama Sikudhani," akasema, na hakuiachia ile mikono, "Bibi kasema usimvute. Ile usi ya mbele imechukuliwa na maji. Nipe mikono yako tungoje pamoja. Nikiwa nimekosea, lawama ni yangu, na nitaibeba mbele ya mume wangu na mbele ya watu."

Bi Sikudhani alimtazama machoni. Mwanamke huyu, wanangu, naye msimsahau katika habari hii, maana alikuwa na umri na alikuwa na haki ya kukataa. Akaiacha mikono yake ndani ya mikono ya Siwatu.

"Wifi," akasema Mwanakombo bila kugeuka, "niambie nifanye nini."

"Pumzika. Uchungu utarudi. Ukirudi, sukuma kwa nguvu zako zote. Mgeni anakuja mwenyewe."

Wakangoja. Mto ukanguruma. Bi Sikudhani alisema baadaye kwamba hajawahi kungoja kitu chochote maishani mwake kama alivyoungoja uchungu ule. Ukarudi. Mwanakombo akapiga yowe, akasukuma, na kwa uzito wake mwenyewe mtoto akashuka, mikono yake imekunjwa kifuani kwa adabu, kidevu kimelala, na kichwa kikatoka bila kukwama popote. Bi Sikudhani akampokea kwenye ile kanga ya moto.

Alikuwa msichana, na hakulia. Bi Sikudhani akampangusa pua na mdomo, akamsugua mgongo kwa kanga. Wakamwona amefumbua kinywa kabla hawajamsikia, kwa jinsi mto ulivyokuwa ukinguruma. Kisha wakamsikia.

Siwatu akatoka nje na kanga yake, akaipunga juu ya kichwa. Ng'ambo, Semboja alianguka kifudifudi akasujudu kwenye matope. Bibi Mashavu alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Naye Siwatu akarudi dunguni, akajilaza karibu na moto, akalala. Alilala watu wanaongea juu yake, alilala mtoto analia, alilala walipombeba kumrudisha nyumbani. Kesho yake mchana bado alikuwa amelala, na wanawake wakaanza kuingiwa na hofu. "Hakubeba kutuzidi," wakaulizana. "Hakuzaa. Amechokea nini?"

Mto ulipotulia, wanaume wakalaza gogo jipya, na mtu wa kwanza kulivuka alikuwa Bibi Mashavu. Alimtazama mzazi, akamgeuzageuza mtoto, akaridhika. Kisha akaomba aletewe Siwatu, naye akaja akaketi mkekani mbele yake, wanawake wote wamejaa mlangoni.

"Nilisema usimvute," akasema Bibi Mashavu. "Nilipoona mnaniuliza tena na tena, nikajua mto unaniharibia. Nikazidi kupaza, na kadiri nilivyopaza ndivyo nilivyozidi kuirudia kauli ile ile. Ningekuwa na akili ningesema mwache. Neno fupi, halina cha kupotea. Sasa niambie ukweli, mwanangu. Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia mvute, Bibi."

"Mvute," akarudia mkunga. "Na hukumvuta. Hiyo usi uliipata wapi?"

Siwatu akainamisha kichwa. Hakuzoea kutazamwa na watu wengi. "Sikio halikuwa nayo," akasema. "Nikaazima moyoni. Nilikukumbuka siku ya mdogo wangu, ulivyoweka mikono mapajani."

Wanaosimulia wanasema machozi yalimlengalenga Bibi Mashavu, na hakuwa mwanamke wa kulia. Kisha akawageukia wale waliojaa mlangoni.

"Mliuliza amechokea nini. Nitawaambia. Mahali pakiwa kimya, neno huingia lenyewe, wewe umekaa tu. Pakiwa na kelele, neno halifiki zima. Sikio lazima liokote vipande, moyo lazima uvishikilie visidondoke, na huku umeshikilia, ule ule moyo uende ghalani utafute kinachopungua. Yote hayo kwa wakati mmoja, na mto haumngoji mtu. Mimi nimetwanga, nimelima, nimezaa. Hakuna kazi nzito kuliko hiyo. Mwacheni alale anavyotaka."

"Na kama asingekusikia kabisa?" akauliza mmoja.

"Moyo peke yake ungeogopa. Na sikio peke yake lingeua. Mtoto huyu kaletwa na vyote viwili."

Bi Sikudhani akasogea mbele ya watu wote, yule mama mtu mzima, akamshika Siwatu mkono ule uliomdaka dunguni. "Mliokuwa mnasema mke wetu kaacha ulimi kwao," akasema, "haya, leo mmeona alikuja na nini."

Tangu siku hiyo wanaposimulia jambo hili Kwemsindo hawaanzi na mtoto, wala na ulalo, wala na mafuriko. Huanza na msichana aliyesimama kwenye mvua na macho kayafumba, midomo inacheza bila sauti, anakishikilia kipande cha neno kisimtoroke. Na wazee wakimwona kijana anayesikiliza na kuyaweka anayoyasikia hata kama leo hayana kazi, humwacha akae karibu, wasimfukuze, kwa sababu hakuna ajuaye ni siku gani atasimama ukingoni peke yake.

Mto ukivuma, sikio huazima moyoni. Na moyo usiowekwa kitu hauna cha kuazimisha.